Hisa za Mwanachama: Namna ya Kuzitunza na Kuzikagua

Msimu wa karafuu unapomalizika, na mwanachama wa Mtambile, Kengeja au Kangani akawa amekwisha kupokea malipo yake kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, swali linalomkabili ni namna ya kuzitunza fedha zake mpaka msimu mwingine. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Baada ya mavuno makubwa huweza kufuata mwaka, na pengine miaka, ya mavuno haba. Kwa sababu hiyo wakulima wa Pemba wamezoea tangu zamani kuigeuza fedha ya mwaka mzuri kuwa ng'ombe, nyumba au shamba jingine. Siku hizi wapo pia wanaonunua hisa za makampuni katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na anayetaka kufanya hivyo aghalabu humwendea kwanza katibu wa chama chake kutaka maelezo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu binafsi anavyopaswa kuzitunza hisa zake na kuzikagua kila baada ya muda, ili asije akapoteza kwa uzembe kile alichokipata kwa jasho.

HISA ZA CHAMA NA HISA ZA SOKO

Kwanza yafaa ieleweke kuwa neno "hisa" lina maana mbili. Hisa ya chama cha ushirika ni mchango wa uanachama. Thamani yake haipandi wala haishuki sokoni, na mwenye hisa mia ana kura moja sawa na mwenye hisa kumi. Hisa ya kampuni ni sehemu ya mali ya kampuni hiyo. Huuzwa na kununuliwa, bei yake hubadilika, na kura huhesabiwa kwa wingi wa hisa wala si kwa wingi wa watu. Mwanachama asidhani kuwa atakuwa na nguvu ile ile katika mkutano wa kampuni aliyo nayo katika mkutano mkuu wa chama chake. Hata hivyo anayo haki ya kualikwa katika mkutano wa mwaka wa kampuni, kupewa taarifa ya hesabu zilizokaguliwa, na kupiga kura mwenyewe au kwa mwakilishi.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kazi Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi. Shughuli zake husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwananchi hanunui hisa moja kwa moja kutoka kwa kampuni, ila katika siku zile kampuni inapotoa hisa mpya kwa umma. Nyakati nyingine hununua kwa kupitia dalali aliyepewa leseni na Mamlaka, na hisa zake huandikwa kwa jina lake katika hifadhi kuu. Siku hizi maagizo ya kununua na kuuza huweza kutolewa hata kwa simu, na mtu wa Mkoani halazimiki kuvuka bahari kwa kazi hiyo.

Mwenye hisa hupata faida kwa njia mbili: gawio, yaani sehemu ya faida inayogawanywa kwa wenye hisa, na kupanda kwa bei. Hakuna ahadi katika yote mawili. Hisa ya Benki ya NMB iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na kufikia mwaka 2024 bei yake ilikuwa imepita shilingi 4,000. Hisa ya Vodacom Tanzania iliuzwa kwa shilingi 850 mwaka 2017, na katika miaka iliyofuata bei yake ikashuka chini ya hapo. Wanunuzi wote hao walinunua katika soko moja na kwa sheria zile zile.

FUNZO LA KARAFUU

Kanuni ya kwanza ya kutunza hisa ni kutoweka mali yote mahali pamoja, na kanuni hii wazee wa Pemba waliijua kabla ya masoko ya hisa. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, lakini Pemba ilipata madhara machache. Aliyekuwa na mashamba visiwa vyote viwili hakupoteza yote. Baadaye likaja pigo la namna nyingine. Kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Ilipopanda mikarafuu yake mingi na kuanza kujitosheleza katika miaka ya 1980, bei duniani ilianguka, na safari hii mashamba ya visiwa vyote viwili yaliumia pamoja. Hivyo basi, kugawanya mali hakutoshi ikiwa sehemu zote zategemea jambo moja.

Mfano wa karibu katika hisa ni kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi ya Kenya. Hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001. Mwaka 2019 kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Mkulima wa miwa aliyekuwa amenunua hisa za kiwanda kile kile kilichonunua miwa yake alipata hasara mbili kwa wakati mmoja: miwa ilikosa mnunuzi, na akiba haikuweza kuuzwa ili kumsaidia katika dhiki hiyo.

Kwa hiyo mwanachama atazame pato lake la kila siku kabla ya kuchagua hisa, na achague makampuni ya kazi mbalimbali: mathalani benki, saruji, gesi, simu na huduma za viwanja vya ndege, ambazo zote zimo katika soko la Dar es Salaam. Mwenye fedha kidogo, asiyeweza kununua kampuni nyingi, aweza kununua vipande katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005, ni wa namna hiyo. Fedha za watu wengi hukusanywa na kuwekezwa mahali pengi chini ya wataalamu. Tena fedha za ada ya shule, za matibabu na za chakula cha miezi ya uhaba zisinunuliwe hisa kamwe, kwa kuwa haja hizo hazingoji bei ipande.

DAFTARI LA HISA

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Kila mwenye hisa awe na daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila kampuni, na ndani yake aandike tarehe ya kununua, idadi ya hisa, bei ya kila moja, kamisheni na ada alizolipa, na kila gawio alilopokea. Aidha, aandike kwa maneno machache sababu iliyomfanya anunue. Sababu hiyo ndiyo itakayomwongoza siku ya ukaguzi, kwani mtu husahau upesi alichofikiri mwaka uliopita.

Ukaguzi wenyewe ufanywe mara moja au mbili kwa mwaka, kwa mfano baada ya makampuni kutangaza hesabu za mwaka. Kutazama bei kila siku hakuongezi faida, bali huongeza wasiwasi na kumshawishi mtu kuuza na kununua ovyo. Kwa fungu dogo, kamisheni na ada hukaribia shilingi 2 katika kila shilingi 100, na hutozwa wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano wa mwanachama aliyenunua hisa za makampuni manne kwa shilingi 500,000 kila moja, jumla shilingi 2,000,000, na akalipa kamisheni na ada shilingi 40,000. Baada ya miaka miwili daftari lake laonyesha hivi: Kampuni ya Kwanza ina thamani ya shilingi 1,100,000, ya Pili 450,000, ya Tatu 500,000, na ya Nne 300,000. Jumla ni shilingi 2,350,000. Magawio aliyopokea ni shilingi 95,000, baada ya kukatwa kodi ya zuio, ambayo kwa makampuni yaliyoorodheshwa sokoni ni asilimia 5.

Hatua ya kwanza ni kupata faida halisi. Thamani ya sasa pamoja na magawio ni shilingi 2,445,000. Ukiondoa gharama ya shilingi 40,000 hubaki 2,405,000. Faida ni shilingi 405,000, yaani kadiri ya asilimia 20 kwa miaka miwili.

Hatua ya pili ni kulinganisha. Ikiwa bei za bidhaa zilipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, kitu kilichonunuliwa kwa shilingi 2,000,000 mwanzoni sasa kingehitaji shilingi 2,163,200. Kwa hiyo nyongeza ya kweli ni shilingi 241,800. Mwanachama alinganishe pia na kile ambacho angepata bila kusumbuka, kwa mfano katika hatifungani za Serikali, ambazo Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada kuanzia shilingi 1,000,000. Ikiwa hisa zake hazizidi hapo kwa miaka kadhaa mfululizo, hapana sababu ya kubeba hatari ya bei kushuka.

Hatua ya tatu ni kutazama uwiano. Kampuni ya Kwanza ilianza ikiwa robo ya mali. Sasa inakaribia asilimia 47. Mwenye hisa hajanunua hata moja zaidi, lakini karibu nusu ya akiba yake imekwisha kuwa katika kampuni moja. Njia ya kusawazisha isiyo na gharama kubwa ni kupeleka fedha za msimu ujao katika makampuni mengine, bila kuuza chochote. Ikiwa hana fedha mpya, ndipo auze sehemu.

Hatua ya nne ni kuikagua Kampuni ya Nne, iliyoshuka kwa asilimia 40 na isiyotoa gawio. Hapa ndipo wengi hukosea. Wengine huuza kwa hofu; wengine hukataa kuuza kwa sababu tu hawataki kupata hasara. Bei aliyonunulia haiwezi kuiponya kampuni. Swali ni hili: je, sababu iliyoandikwa katika daftari ingali ipo? Taarifa ya hesabu ndiyo itakayojibu. Atazame kama faida inapungua mwaka hadi mwaka, kama madeni yanaongezeka kuliko mali, na kama mkaguzi wa hesabu ameweka shaka. Ikiwa kampuni ni nzima na bei imeshuka pamoja na soko zima, angoje. Ikiwa kampuni yenyewe inaoza, auze mapema, kwani katika soko letu hisa za baadhi ya makampuni hukaa siku nyingi bila mnunuzi.

HALALI, MIRATHI NA TAHADHARI

Kwa wanachama wengi wa Mkoani swali la halali hutangulia swali la faida. Katika soko yamo makampuni ya bia na mabenki yanayotoza riba. Ni vema mwanachama aulize wanazuoni kabla ya kununua, wala asingoje mpaka gawio limefika. Kwa wanaotaka njia nyingine, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitoa sukuk mwaka 2025.

Jambo la mirathi nalo lisipuuzwe. Ng'ombe na shamba huonekana na watoto, hisa hazionekani. Mwenye hisa akifariki bila kuwaeleza wenzake, mali yake huweza kubaki bila mdai, na magawio yakaendelea kupelekwa katika akaunti iliyofungwa. Daftari liwe mahali panapojulikana na mtu mwaminifu katika nyumba, na kila anapobadilisha simu au benki ampe habari dalali wake. Warithi wakiwa na daftari hilo watakuwa na la kuonyesha mbele ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mwisho, wapo wanaotumia neno "hisa" kwa udanganyifu. Shughuli ya upatu ya DECI, iliyozimwa na Serikali mwaka 2009, iliwaahidi watu marejesho makubwa kwa muda mfupi, na ilipozimwa waliochelewa kuingia hawakuwa na mahali pa kudai. Anayeahidi kuzidisha fedha kwa miezi michache, asiye na leseni ya Mamlaka, hauzi hisa.

Ni wajibu wa kila katibu kuwaeleza wanachama mambo haya bila kuwachagulia kampuni, na bila kupokea fedha zao kwa ajili ya kununuliwa hisa, kwa kuwa kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Anachoweza kufanya ni kuwafundisha kufungua daftari na kupiga hesabu zilizoonyeshwa hapo juu. Mwanachama azoeaye kukagua hesabu zake mwenyewe atajua pia kuuliza maswali yanayofaa katika mkutano mkuu, hesabu za chama zinaposomwa.