Windows 10 yafika mwisho: mfumo mpya wa kompyuta hujifunzwa ndani ya kazi ya kila siku

Tangu Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft imesimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta haizimiki, lakini haipati tena marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwa muda wa nyongeza.

Jambo hilo linagusa wengi Mashariki mwa Kongo, kutoka Bunia hadi Bukavu, ambako wanafunzi na wenye vibanda vya kuchapa maandishi hutumia kompyuta za okazioni. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti hayo, na kununua nyingine ni dola nyingi. Njia moja inayobaki ni Linux, mfumo wa bure, kama vile Ubuntu ao Linux Mint.

Kinachoogopesha watu ni kuanza upya: TFC imebakiza kurasa kumi, mteja anasubiri barua yake, na kitufe cha kuhifadhi hakionekani mahali pake.

Gendarmerie ya Ufaransa ilipita njia hiyo polepole. Mwaka 2005 ilichukua OpenOffice kwa kuandika, na 2006 ikachukua Firefox kwa intaneti, Windows ikiwa bado ipo. Ni mwaka 2008 ndipo ilipoanza kuhamia Ubuntu. Askari walikuta humo programu walizokwisha kuzizoea. Mapya yalikuwa machache.

Hata mwenye kompyuta moja anaweza kufuata mwendo huo. Kwanza, aweke LibreOffice kwenye Windows aliyo nayo, na aandikie humo kazi zake kwa wiki chache. Pili, anakili faili zote kwenye diski ya nje. Tatu, afungue Linux Mint kutoka kwenye fulashi, bila kufuta kitu, aone kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Wakati wa kuiweka, achague Kifaransa na kibodi ya AZERTY. La sivyo, akibonyeza A itatoka Q.

Baada ya hapo, kazi yenyewe ndiyo mwalimu. Ctrl+C na Ctrl+V havibadiliki. Kinachobadilika zaidi ni namna ya kupata programu: nyingi huchukuliwa kwenye ghala ya mfumo wenyewe, na mtu hulijua hilo siku anapohitaji moja.

Ifahamike kwamba mipaka ipo. AutoCAD, kwa mfano, haina toleo la Linux. Majedwali ya Word yanaweza kusogea ndani ya LibreOffice, kwa hiyo ni heri kugeuza kazi kuwa PDF na kuikagua kabla ya kuichapisha. Na anayekaribia kutetea TFC yake amalize kwanza, kisha ndipo abadilishe mfumo.