Kinywa cha Paka ni Amana

Hapana mnyama aliyekaribishwa katika nyumba za Waislamu kama paka. Hulala juu ya mkeka wetu, hupita mbele ya mwenye kusali, na akishikwa na kiu hunywa katika chombo chetu. Imepokewa katika Hadithi ya kwamba Sahaba Abu Qatada alikuwa akimiminiwa maji ya udhu na mkaza mwanawe, Kabsha binti Kaab, mara akaja paka, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kwamba paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzungukia majumbani mwetu.

Basi kinywa hicho tulichoruhusiwa kushiriki nacho chombo, ni wangapi miongoni mwetu waliopata kukitazama ndani?

Mtoto wa paka huanza kuota meno ya utoto apatapo wiki tatu au nne, nayo jumla yake ni 26. Kisha hung'oka, na mahali pake hutoka meno 30 ya ukubwani, ambayo hutimia umri wa miezi sita au saba. Baada ya hayo hapana mengine. Jino likioza limekwenda.

Adui wa meno hayo ni ukoga, kama ulivyo adui wa meno yetu. Kwanza huwa utando mwororo usioonekana vizuri. Usipofutwa, chumvichumvi za mate huugandisha ukawa mgumu kama jiwe, wenye rangi ya manjano au kahawia, na hasa juu ya magego ya taya la juu, upande wa shavu. Vijidudu vilivyomo huziudhi fizi, zikawa nyekundu, zikavimba na kutoka damu. Maradhi yakizidi hushuka chini ya ufizi, yakala mfupa unaolishika jino, nalo likalegea. Tena paka wana ugonjwa mwingine ambao jino hujila lenyewe, likatoboka karibu na ufizi. Mashimo hayo si yale ya watu yaletwayo na sukari, na maumivu yake ni makali mno.

Lakini paka halii kwa jino. Tabia yake ni kuficha maumivu, naye huendelea kuzunguka kana kwamba hana neno. Sote tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na tufikiri: paka aliyewekewa samaki mbele yake, kisha hawezi kumtafuna kwa uchungu wa kinywa, njaa yake yatofautianaje na ya yule aliyefungiwa? Sahani imejaa, na tumbo ni tupu.

Kwa hiyo yatupasa kuzijua dalili. Ya kwanza ni harufu mbaya ya kinywa. Wengi husema ndivyo alivyo paka, ati kwa kuwa ala samaki. Walakini uvundo wa kudumu ni alama ya ugonjwa. Nyingine ni kudondoka udenda, kutafuna upande mmoja, kuangusha tonge, kujipapasa mdomo kwa mkono, kukimbilia sahani kisha akarudi nyuma, na manyoya kuchakaa kwa kuwa ameacha kujiramba.

Ama kinga yake, ni kumsafisha, na yafaa aanzwe angali mdogo. Siku za mwanzo mpapase mashavu tu akiwa ametulia pajani. Akizoea, inua mdomo wa juu kidogo utazame. Kisha zungushia kidoleni kitambaa laini kilicholowa maji, ufute meno upande wa nje, pale jino linapokutana na ufizi. Upande wa ndani ulimi wake mkwaruzo husaidia. Baadaye waweza kutumia mswaki mdogo mlaini. Kila siku ndiyo bora. Mara chache kwa wiki ni heri kuliko kuacha kabisa. Usimlazimishe kwa nguvu, maana akiogopa leo kesho hatakuja. Wala tusidhani ya kuwa dagaa wakavu hutosha kuwa mswaki wake.

Na yapo mambo manne ya kujiepusha nayo. Dawa ya meno ya watu haimfai, kwa kuwa yeye hatemi, humeza. Itumike ile iliyotengenezwa kwa wanyama, au maji matupu. Mafuta ya karafuu, ambayo sisi watu wa pwani huyakimbilia jino liumapo, kwa paka ni sumu. Panadol ni hatari zaidi: ini lake haliwezi kuivunja, damu yake huharibika ikashindwa kuchukua hewa, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Tena tusikwangue ukoga mgumu kwa kisu wala msumari. Huo huondolewa na daktari wa wanyama, paka akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na jino lililokufa hung'olewa. Paka aliyeng'olewa meno mabovu hula vizuri kuliko aliyebaki nayo.

Hapa twawaonya vijana. Kuwa tohara si kuwa kinywa hicho hakina madhara. Paka anayedondokwa udenda huku amebadilika tabia, akawa mkali au akapooza taya, asiguswe kabisa, huenda ana kichaa cha mbwa. Atakayeumwa na paka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje.

Enyi wazazi, mpeni mmoja wa watoto wenu kazi hii, awe ndiye mwenye kutazama kinywa cha paka kila wiki na kuwaletea habari. Atajifunza humo jambo kubwa kuliko meno: kumhudumia asiyeweza kuomba wala kushukuru. Sisi tuliosisitiziwa mswaki katika vinywa vyetu hatuna udhuru wa kukisahau kinywa cha mwenzetu wa nyumbani.

Wabillahi tawfiki.