Shehe, Maiti Ataoshwaje?

Watoto wa Mangina, mlio wakubwa kidogo mnakumbuka wenyewe, na wadogo mmesimuliwa. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia kwetu. Wiki moja baadaye, tarehe 8, chanjo ikaanza kutolewa hapa hapa Mangina. Ndoo za maji yenye dawa zikawekwa milangoni, watu wakapimwa joto kwenye paji la uso, na magari ya ripositi, yaani ya timu za kupambana na ugonjwa, yakawa yanapita yakitimua vumbi kwenye kakao zilizoanikwa kando ya barabara. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200, wengi wao Kivu ya Kaskazini na Ituri.

Hayo si mageni kwenu. Ninalotaka kuwasimulia ni swali moja lililoingia pamoja na Ebola, ambalo wengi wenu hamkulisikia, kwa sababu Mangina wengi ni Wakristo na Waislamu ni wachache. Hata kama wewe ni wa parokia, kaa usikilize.

Mwili wa aliyekufa kwa Ebola ni hatari kuliko alipokuwa hai. Virusi vimejaa kwenye damu, matapishi, jasho na kila kinachotoka mwilini, na anayemgusa bila kinga anaweza kuvibeba hadi nyumbani kwake. Ndiyo maana timu za mazishi zilikuja zimevaa kama watu wa angani, zikamtia marehemu kwenye mfuko, zikamzika. Familia ikasimama mbali.

Sasa mchukue mtoto wa Kiislamu anayesoma chuoni. Baada ya alifu na bee na sura fupi za mwisho wa Msahafu, atafundishwa kijitabu kinachoitwa Safinatun Najaa. Ni chembamba, kinaingia mfuko wa shati. Alikiandika Salim bin Sumeir, mtu wa Hadhramauti aliyefariki Batavia, mji tunaouita leo Jakarta, katika karne ya 19. Kimesomwa na watoto wa Lamu, Unguja, Tabora na kwingi Afrika ya Mashariki. Humo ndani mtoto anajifunza kwamba maiti ana haki nne juu ya walio hai: aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe, azikwe. Ni faradhi ya kijiji kizima. Wakiifanya wachache, wengine wamesalimika. Wasipoifanya hata mmoja, wote wana dhambi.

Basi mtoto huyo amehifadhi haki nne, na mbele ya nyumba kuna mfuko uliofungwa zipu. Haki ya kwanza inasema aoshwe. Daktari anasema asiguswe. Afanyeje?

Hapo ndipo mwanachuoni anapojulikana. Wapo wanaodhani mwanachuoni ni mtu aliyehifadhi mengi tu. Kuhifadhi ni mwanzo. Kazi yake yenyewe inaanza pale kitabu kinaposema jambo na dunia ikakuzuia kulifanya.

Maulamaa, yaani wanavyuoni wa dini, walikuwa na pa kuanzia. Kwenye Uislamu, aliyekosa maji, au ambaye maji yatamdhuru, hujitwaharisha kwa udongo: hupiga viganja kwenye vumbi safi, akapangusa uso na mikono. Hiyo ndiyo tayamamu. Na vitabu vya zamani, vilivyoandikwa kabla mtu hajajua virusi ni nini, vilishazungumza juu ya maiti aliyeungua, ambaye akimwagiwa maji ngozi itabanduka. Vikasema: huyo hafanyiwi josho, anafanyiwa tayamamu. Waliohukumu hivyo walitazama sababu. Josho limewekwa ili kumheshimu marehemu. Likiwa litamharibu, halimheshimu tena. Kutoka kwa maiti aliyeungua hadi kwa maiti wa Ebola si safari ndefu, ingawa hapa anayeogopewa madhara ni yule anayeosha.

Ebola ilipowaka Guinea, Liberia na Sierra Leone, swali hili lilifika mezani kabisa. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na ya heshima, baada ya kukaa na mashirika ya dini, ya Kikristo na ya Kiislamu. Kwa maiti Mwislamu, mwongozo ule uliweka nafasi ya tayamamu, ikifanywa na Mwislamu wa timu ya mazishi aliyevaa kinga kamili. Kwa hiyo Ebola ilipofika Mangina, jibu lilikuwa limeshatafutwa miaka minne nyuma, mbali na hapa.

Lakini msidhani wote walikubaliana kila kitu. Na hili nalipenda zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki wanafuata madhehebu ya Imamu Shafi, aliyeishi kuanzia mwaka 767 hadi 820. Ndani ya madhehebu hayo kuna mwanachuoni mkubwa, Imamu Nawawi wa Sham, upande wa Syria ya leo, aliyefariki 1277. Aliandika kwamba mtu akifukiwa na jengo, asiweze kutolewa wala kuoshwa, haswaliwi, kwa sababu josho ndilo mlango wa swala hiyo. Fikirieni vijana wanaokwenda kuchimba dhahabu upande wa Mambasa, shimo likawaangukia. Ndio hao hasa. Baada ya Nawawi wakaja wanavyuoni wengine, wa madhehebu yaleyale, waliosoma vitabu vyake na kumheshimu, wakasema hapana: lililoshindikana limeanguka, linalowezekana libaki. Kama josho haliwezekani, swala inawezekana, basi aswaliwe. Katika Ebola wako maulamaa wa leo walioshika njia hii ya pili, kwa pale ambapo hata tayamamu ni hatari.

Mwanafunzi anampinga imamu wake mkubwa, na hakuna aliyetukanwa wala kuitwa kafiri. Kila mmoja anaonyesha jibu lake limetoka wapi.

Kuna kisa cha zamani zaidi, ambacho Waislamu huwasimulia watoto wao kila yanapozuka maradhi. Karibu mwaka 639 Khalifa Umar, kiongozi wa Waislamu, alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Aendelee au arudi? Umar hakukata shauri peke yake. Akawaita waliohama naye kutoka Makka, wakagawanyika. Akawaita watu wa Madina; nao wakagawanyika. Akawaita wazee wa Kikuraishi. Hao wakasema kwa kauli moja: warudishe watu. Akatangaza kurudi. Abu Ubaida, jemadari wake na rafiki yake, akamuuliza kama anakimbia alilolipanga Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye mpango wa Mungu akiingia mpango mwingine wa huyohuyo Mungu, kama mchungaji anayetoa ngamia upande mkavu wa bonde na kuwapeleka upande wenye majani. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo kikaoni, akasema alimsikia Mtume akifundisha kwamba ukisikia tauni iko mahali usiende, na ikikukuta ulipo usitoke kuikimbia. Lililokuwa linabishaniwa na watu wazima wote wale, alikuwa nalo mtu mmoja.

Abu Ubaida alirudi kwa jeshi lake, na tauni ile ikamuua.

Mnaweza kusema: hayo ni ya Waarabu, Sham na Madina, sisi yanatuhusu nini? Basi sikieni ya mtoto wa kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Unguja ilipenya hadi Nyangwe na Kasongo, huko Manyema, ikileta nguo na bunduki, ikiondoka na pembe na watu. Dini ya Kiislamu ilifika Kongo kwa njia hiyohiyo, na si vizuri kuwaficha watoto jambo hilo. Mtoto mmoja wa Manyema alichukuliwa mtumwa, akafikishwa Bagamoyo, akakulia kwenye nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Akasoma. Akaendelea kusoma, hadi akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye pwani wanamwita Sheikh Ramiya, mwalimu mwenye chuo chake na kiongozi wa tarika ya Kadiria. Watu wa pwani waliozaliwa waungwana walikaa kwenye mkeka mbele ya mtu aliyeletwa kwao kwa kamba. Alifariki mwaka 1931.

Na yuko wa karibu zaidi. Beni mjini, kilomita zipatazo thelathini kutoka hapa, alikuwapo Sheikh Ali Amini, kiongozi wa Waislamu wa teritwari ya Beni. Mnajua ninyi wenyewe watu gani wametoka msituni miaka hii wakichinja wakulima mashambani, na mnajua kwamba wanalitaja jina la Mungu. Sheikh Ali Amini alisimama msikitini akasema kwamba hayo siyo dini. Mwenye elimu anaweza kusema hivyo kwa sababu anajua aya inayotajwa iko wapi, iliteremka lini, na nani ameifafanua. Anayekuja na aya moja mfukoni na panga mkononi hawezi kukutajia mwalimu wake. Tarehe 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani, watu wenye bunduki walimpiga risasi wakati wa swala ya usiku, ndani ya msikiti mkuu wa Beni. Mwezi huohuo wa Mei shehe mwingine akauawa Mavivi, kule uliko uwanja wa ndege.

Sasa turudi kwenye zile haki nne za maiti. Huenda wako waliozikwa wakati wa Ebola ambao familia zao hazina hakika kama waliswaliwa, kwa kuwa siku ile hakukuwa na Mwislamu kwenye timu. Kwa hao bado kuna swali, na wanafunzi wa chuoni mnaweza kulipeleka kesho kwa mwalimu wenu: je, maiti aliyekwisha kuzikwa anaweza kuswaliwa mtu akiwa amesimama kaburini? Dokezo nitawapa. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume Madina, akafa usiku, wakamzika bila kumwambia Mtume. Muulizeni mwalimu Mtume alifanya nini alipopata habari, kisha muulizeni madhehebu ya Shafi yanaweka sharti gani.