Umeme Utokao katika Majitaka

Huko Buterere, upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, yamechimbwa mabwawa mapana ambamo majitaka ya sehemu ya jiji hukusanywa, yakaachwa yatulie juani hata bakteria waliomo wakayala yale yaliyooza, ndipo yakaruhusiwa kushika njia ya kwenda ziwani. Kazi hiyo ya kula, ambayo mpita njia huitambua kwa harufu tu, ina nguvu ndani yake; na makusudio yangu ni kueleza jinsi baadhi ya bakteria wanavyoweza kuitoa nguvu hiyo kwa njia ya waya, kisha kuipima, bila ya kutia chumvi, ili tujue yatufaa kwa jambo gani.

Kila kiumbe alaye hutoa elektroni katika chakula chake, na elektroni hizo hazina budi kupata pa kwenda. Sisi wanadamu huzikabidhi kwa oksijeni tuivutayo puani. Walakini bakteria akaaye chini ya matope, mahali pasipofika hewa, humlazimu kutafuta mpokeaji mwingine, na wako ambao mpokeaji wao ni kutu ya chuma iliyomo udongoni. Mtaalamu Derek Lovley aliwapata wa namna hiyo mwaka 1987 katika matope ya mto Potomac, nchini Marekani, na jamii yao ikaja kuitwa Geobacter. Basi ukimwondolea kutu, na badala yake ukamwekea kipande cha kaboni kilichofungwa waya, yeye hajali: humimina elektroni zake juu ya kaboni, nazo hupita wayani hata ng'ambo ya pili, ambako hukutana na oksijeni ya hewa pamoja na chembe za hidrojeni zilizopenya kwa njia yao mbali, yakazaliwa maji safi. Mwendo huo wa elektroni wayani ndio umeme. Wala habari hii si ya jana, kwani Mwingereza M. C. Potter, wa Chuo Kikuu cha Durham, aliudhihirisha umeme wa vijidudu tangu mwaka 1911, ijapokuwa kwa miaka mingi haukupata wa kuushughulikia kwa dhati.

Kwetu sisi wa Maziwa Makuu, mfano ulio karibu uko Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha West of England cha mjini Bristol, wakiongozwa na Ioannis Ieropoulos, waliweka katika shule ya sekondari ya wasichana ya Seseme choo ambacho taa zake huwashwa kwa haja ndogo ya wanafunzi wenyewe. Ukiitazama kwa karibu seli yao moja, yaani kile chombo kidogo cha kuzalishia umeme, utastaajabu kwa uchache wa vilivyomo: mrija wa udongo uliochomwa, wa jinsi ile ile ya vyungu, umeviringishiwa kwa nje kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni, ambacho ndicho makao ya bakteria, na ndani ya mrija mna wavu wa chuma kisichoshika kutu, uliopakwa kaboni, unaopokea hewa. Udongo huo hupitisha unyevu na chembe za hidrojeni, illa bakteria huwazuia. Hapa Burundi, ambako Watwa wamesifika kwa ufinyanzi tangu enzi za wafalme, mrija huo hauna haja ya kuvuka bahari.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo wengi wanapopotea. Katika tamasha la muziki la Glastonbury, Juni 2015, jamaa hao hao walijenga choo chenye seli 432, kikatumiwa na watu kama elfu moja kila siku, na wastani wa umeme wake ukawa milliwati 300, yaani pungufu ya theluthi ya wati moja. Simu ya mkononi, ikitaka wati 5 za kuchajiwa, ingehitaji vyoo kumi na saba vya aina hiyo. Atakaye umeme wa kuendeshea viwanda na aende Kivu, ambako gesi ya methani ya ziwani, iliyo kwa sehemu kazi ya vijidudu wa ukoo mwingine, hulisha mtambo wa megawati 26 upande wa Rwanda.

Lakini zipo hesabu nyingine za majaribio yale, ambazo kwangu zina uzito zaidi. Choo chao kingine, kilichowekwa chuoni Bristol na kutumiwa na watu wachache, kiliondoa zaidi ya asilimia 95 ya uchafu uliomo katika haja ndogo. Cha Glastonbury, kwa wingi wa watu na haraka ya mmiminiko, kiliondoa asilimia 30 tu. Dhahiri basi kwamba bakteria hawa ni wasafishaji kwanza, na taa ni ujira wa ziada. Na madhali mitambo ya majitaka ya miji tajiri hula umeme mwingi kwa kupuliza hewa majini, msafishaji asiyedai umeme, bali akautoa japo kidogo, si wa kudharauliwa.

Bujumbura ina fadhila yake katika jambo hili, nayo ni joto: bakteria hawa hufanya kazi vizuri zaidi penye vuguvugu, na jiji letu, lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, halina baridi ya Kisoro, iliyo juu zaidi ya mita 1,800. Laiti ningeulizwa pa kuanzia, ningetaja shule ya bweni, ambamo msichana aendaye msalani usiku huhitaji mwanga mdogo tu, na maji yatokayo, yakiwa bado na naitrojeni na fosforasi, yanaweza kumwagwa bustanini. Kitambaa cha kaboni na wavu vitaagizwa kutoka nje. Taabu iliyobaki ni ya likizo ndefu, wanafunzi waendapo makwao na bakteria wakakosa chakula kwa majuma mengi. Hapo itampasa mlinzi wa shule kupangiwa, pamoja na kazi zake nyingine, zamu ya kuwalisha.