Orodha kama Matini: Sarufi na Uwajibikaji katika Orodha za Ununuzi na za Kazi Mbooni

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kuandika kumbukumbu, ratiba, shajara na resipe. Orodha ya ununuzi na orodha ya kazi, ambazo huandikwa hata na mtu asiyewahi kuandika barua, hazijapewa uzito kama huo. Huchukuliwa kuwa ni maneno tu yaliyopangwa wima, wala si matini yenye sarufi yake. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kurejelea mazingira ya Mbooni, katika Kaunti ya Makueni. Hoja kuu ni kwamba orodha hukosa kitenzi lakini haikosi maana. Kilichoachwa nje hujazwa na mazoea yaliyopo baina ya anayeandika na anayesoma. Orodha inapotoka nyumbani na kuingia katika kikundi, mazoea hayo hupungua, na lile lililoachwa kimya huweza kumnyima mtu haki yake.

Usuli

Jack Goody, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu athari za maandishi katika fikra za binadamu, alitenga sura nzima ya kujadili orodha. Alieleza kuwa orodha ina mwanzo na mwisho ulio wazi, hutenga kipengee kimoja na kingine, na huweza kusomwa kutoka juu kwenda chini au kinyume chake. Mazungumzo hayana sifa hizo. Si ajabu basi kwamba maandishi ya kale kabisa ya Uruk, Mesopotamia, ya mwishoni mwa milenia ya nne kabla ya Kristo, yana hesabu nyingi za nafaka, mifugo na posho. Mwanadamu aliandika orodha kabla ya kuandika hadithi.

Mbooni inafaa kwa mjadala huu kwa sababu ya historia yake ya kazi. Ni nchi ya milima na miteremko mikali, na vituo vyake vya biashara ni pamoja na Kikima, Tawa na Mbumbuni. Kabla ya 1992 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Kulima kwenye miteremko hiyo bila kuupoteza udongo kunahitaji matuta, na kuchimba matuta ni kazi inayozidi nguvu za kaya moja. Hapo ndipo unapoingia mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi kwa zamu.

Orodha ya dukani

Mfano ufuatao umetungwa kwa kufuata mtindo wa kawaida:

Sukari kilo 2
Majani ya chai 1
Sabuni kipande 1
Ndengu gorogoro 1
Mafuta ya taa 50

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mpangilio wa maneno. Katika sentensi kamili husemwa “kilo mbili za sukari”, ambapo neno kuu ni “kilo” na kihusishi cha a-unganifu, “za”, hupatana nalo. Katika orodha, “sukari” hutangulia, a-unganifu hudondoshwa, na kipimo hufuata kama nyongeza. Bidhaa imegeuzwa kuwa mada. Mpangilio huu husikika pia dukani mteja anapoagiza kwa mdomo, ila katika orodha ndio kanuni. Sababu yake ni ya kimatumizi: jicho linaloteremka pembeni mwa karatasi hutafuta bidhaa kwanza, kisha kiasi.

Jambo la pili ni tarakimu. Katika mfano huo, “1” ya majani ya chai ni pakiti, ilhali “50” ya mafuta ya taa si lita wala chupa, bali ni shilingi. Hakuna alama inayoyatofautisha hayo. Msomaji hutegemea ujuzi wa soko: mafuta ya taa huweza kununuliwa kwa thamani ya fedha zilizopo, na majani ya chai kwa pakiti. “Gorogoro” nalo ni mkebe unaobeba takriban kilo mbili za nafaka. Anayeandika “gorogoro 1” badala ya “kilo 2” amekwisha kuamua ni kipimo kipi kitakachotawala biashara hiyo, na mnunuzi mwangalifu hujua kwamba mkebe uliobonyezwa kitako hauwezi kulingana na mizani.

Jambo la tatu ni kitenzi kisichoonekana. Orodha yote hubeba maana ya “nunua” au “ununue”, lakini ni nani anayeagizwa? Mama akijiandikia mwenyewe, orodha ni kumbukumbu. Akimpa mtoto karatasi hiyo hiyo, inakuwa agizo. Mtoto akimkabidhi mwenye duka, inakuwa ombi, na pengine ombi la mkopo. Matini ni moja, lakini matendo ya usemi ni matatu.

Mtoto anayetumwa bila karatasi huikariri orodha njia nzima, na si kwa uzembe kwamba hufika akiwa amesahau kitu kimoja. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vipengee saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan alitoa hoja kwamba idadi hiyo hukaribia vinne. Karatasi hubeba vile vinavyozidi.

Orodha ya kazi

Orodha ya kazi hutumia njia nyingine ya kisarufi. Kwa kuwa kazi ni tendo, kitenzi hakiepukiki, lakini huvikwa umbo la nomino kwa kiambishi “ku-”: “kupalilia mahindi”, “kuteka maji”, “kutengeneza ua”. Ngeli ya KU humwezesha mwandishi kuorodhesha matendo kama anavyoorodhesha bidhaa. Umbo hilo halimtaji mtenda wala wakati. Nyumbani upungufu huo si tatizo, kwani kila mmoja anajua nani huteka maji. Katika kikundi ni tatizo kubwa.

Hapo awali mwethya uliitishwa kwa mdomo na kaya iliyohitaji msaada, na wageni wakaandaliwa chakula. Katika miaka ya 1950 desturi hiyo ilichukuliwa na kupewa sura ya vikundi vyenye viongozi waliochaguliwa, wanachama wake wengi wakiwa wanawake, kwa ajili ya kazi ya kuhifadhi udongo. Mtindo maarufu wa kuchimba ni “fanya juu”, ambapo mtaro huchimbwa kukingama mteremko na udongo wake kurushwa upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika maandishi ya kilimo duniani. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki uliochapishwa mwaka 1994, ambao Mbooni ilikuwa miongoni mwa maeneo yake, ulionyesha kwamba idadi ya watu katika eneo la Machakos iliongezeka karibu mara sita kati ya miaka ya 1930 na 1990, huku mmomonyoko ukipungua.

Kazi ya zamu hudai hesabu: nani alikuja, nani hakuja, na shamba la nani linafuata. Fikiria mstari huu wa daftari: “Jumanne, kwa Mama Mwende, kuchimba matuta.” Ikiwa kikundi kina akina Mama Mwende wawili, mmoja wao ataamka asubuhi akiwasubiri wachimbaji wasiofika. Jina la heshima linalotosha katika mazungumzo halitoshi katika daftari.

Alama nazo ni sehemu ya sarufi. Alama ya vema kando ya “sukari” husomeka “imenunuliwa”; kando ya jina la mwanachama husomeka “amefika”. Mstari unaopitishwa juu ya deni katika daftari la duka husomeka “limelipwa”. Alama hizo zinafanya kazi ya kiambishi “-me-”. Lakini nafasi tupu husomekaje? Huenda mwanachama hakuja kwa makusudi, huenda aliuguza mtoto kwa ruhusa ya kikundi, au huenda katibu alisahau kuandika. Faini hutozwa kwa kutegemea nafasi hiyo tupu. Kikundi kinachotumia alama tatu, yaani ya aliyefika, ya aliyeomba ruhusa na ya asiyefika, kimeongeza ukanushi katika sarufi ya daftari lake, na kimepunguza ugomvi.

Suala la nani anayeshika kalamu lina historia chungu. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume Waafrika nchini Kenya walilazimishwa kubeba kipande, hati iliyorekodi waajiri na ajira zao. Ilikuwa orodha ya kazi aliyoibeba mfanyakazi lakini akaiandika mwajiri. Tofauti yake na daftari la mwethya haimo katika umbo. Wanachama wa mwethya wanaweza kudai daftari lisomwe mbele yao na kusahihishwa.

Orodha katika simu

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango hufika pamoja na ujumbe unaotaja jina, kiasi na saa. Kwa upande mwingine, orodha za michango katika vikundi vya WhatsApp hunakiliwa, zikaongezwa jina, kisha zikatumwa upya. Watu wawili wakinakili toleo moja kwa wakati mmoja, toleo litakalofuatwa litamwacha nje mmoja wao. Aliyetoa ataonekana kama hakutoa. Tatizo la nafasi tupu limehama kutoka daftarini hadi kwenye simu.

Hitimisho

Orodha ni matini fupi yenye kanuni zake za mpangilio, upatanisho, udondoshaji na alama. Walimu wanaweza kuifundisha pamoja na kumbukumbu na ratiba, na wanafunzi wakakusanya orodha za nyumbani kwao, kwa idhini ya wenyewe, na kuchunguza kilichoachwa nje. Aidha, orodha ya kikundi yafaa iwe na kichwa, tarehe, majina kamili, ufafanuzi wa alama, na wakati maalumu wa kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Mwanachama asiyejua kusoma naye atasikia jina lake likitajwa, na likirukwa, atauliza siku hiyo hiyo.