Safari ya Baharini na Mbwa Wetu



Wengi wetu tuliozaliwa Usukumani tumekuwa watu wazima bila kuiona bahari. Basi mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, shemeji yangu alituazima motokaa yake, nami nikawaambia wa nyumbani mwangu ya kuwa tutakwenda Bagamoyo. Wote wakashangilia, ila kijana wangu mdogo alinyamaza, kisha akauliza, "Baba, na Simba je?" Simba ni mbwa wetu. Nilikuwa nimekusudia kumwacha kwa jirani, lakini mtoto akasihi sana, nikakubali. Naandika habari hii kwa sababu katika safari hiyo nilijifunza neno ambalo mtu wa umri wangu alipaswa kulijua zamani.

Kabla ya kuondoka tulimpeleka kwa bwana mifugo. Mbwa huchomwa sindano ya kuzuia kichaa akiwa na umri wa miezi 3, na sindano hiyo hurudiwa. Sisi tulifanya hivyo majuma manne kabla ya safari, tukapewa na karatasi ya kumsafirisha. Asiwepo mtu wa kulidharau jambo hili. Mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, maana ugonjwa ukiisha kuonekana mwilini, dawa haifai tena. Watu walipata tumaini mwezi wa Julai 1885, huko Ufaransa, bwana Louis Pasteur alipomtibu kwa chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, naye akaishi. Tangu hapo sindano ipo. Aliyebaki ni mwenye mbwa, afanye wajibu wake.

Tukashika njia ya Tinde, Nzega, Igunga na Singida, tukaelekea Manyoni na Dodoma. Ni mwendo wa kilometa zaidi ya 900 hata pwani, nasi tuliukata kwa siku mbili. Njiani niliwasimulia watoto habari za babu zetu, Wasukuma na Wanyamwezi, waliochukua pembe za ndovu mabegani wakati wa kiangazi, wakivuka Ugogo penye shida ya maji, hata miezi miwili au mitatu ikapita kabla hawajafika Bagamoyo. Reli ya kutoka Tabora kupita Shinyanga mpaka Mwanza ilikwisha mwaka 1928, na leo barabara ni ya lami. Nilisema maneno hayo kwa majivuno kidogo, kana kwamba barabara niliitengeneza mimi.

Tulipofika Manyoni ilikuwa saa saba mchana, na njaa ilituuma. Nikaegesha motokaa juani, nikafunga vioo vyote kwa kuogopa wezi, tukaingia kula. Hakuna aliyesema neno juu ya Simba, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwingine amemtoa. Tuliporudi tulimkuta amelala ubavu, ulimi nje, povu kinywani, wala hawezi kusimama. Mke wangu akamvuta mpaka kivulini, akammwagia maji ya dumu, akampepea kwa kanga yake, akamnywesha kidogo kidogo. Kwa maana mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema, na hewa ya ndani ikiwa ya moto, kuhema kwake hakumsaidii kitu. Baada ya muda mrefu akainua kichwa. Mtoto hakulia. Aliniangalia akasema, "Baba, hukumkumbuka?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake tulipita Morogoro, Chalinze na Msata, tukafika Bagamoyo jioni. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja Mwislamu, mtu mzima, nasi tukamwamkia. Akatukaribisha kwa furaha, kisha akasema, "Mwanangu, mbwa wako na akae nje ya ua. Kwetu mate yake ni najisi. Akilamba chombo, hatuna budi kukiosha mara saba, na mara moja kwa udongo." Nikamjibu, "Nimesikia, Bibi, na utuwie radhi." Tukamfunga Simba chini ya mwembe, tukampa bakuli lake mwenyewe, na kila siku bibi yule alituuliza kama mgeni wake wa nje amekula. Afikaye kwa watu na aheshimu desturi zao, hata kwa ajili ya mbwa.

Asubuhi tulishuka pwani. Simba alilibwekea wimbi, akaonja maji, akapiga chafya. Nasi tulikuwa na dumu la maji baridi, maana maji ya chumvi humdhuru mbwa.

Kisha tulitembelea misheni ya kale, mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone mwezi wa Februari 1874, baada ya Susi na Chuma na wenzao kuuchukua kutoka bara mwendo wa miezi mingi. Hapo nilimkumbuka mbwa wake, Chitane. Alikuwa mdogo, lakini msafara wote aliuona kuwa ni kazi yake: alikimbia mbele kumtazama wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asichelewe. Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi iitwayo leo Zambia, walivuka kinamasi cha Chimbwe, upana wake kama maili moja, maji ya kiuno. Livingstone alitangulia, akasahau kuagiza mbwa abebwe. Chitane akawafuata kwa kuogelea mpaka nguvu zikamwishia. Watu walikuwa wakijishika wenyewe wasianguke, wala hawakumwona alipozama. Mwenyewe aliandika ya kuwa alisahau kuagiza.

Waswahili husema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Chitane hakuuona. Nilimweleza mwanangu habari hiyo, nikamwambia, "Siku ile ya Manyoni nilitangulia, nikasahau kuagiza. Unisamehe." Akanishika mkono, tukaenda kumfungua Simba.

Basi, enyi wazazi na walimu, mkisafiri na mbwa, au na mtoto mchanga, au na mzee asiyeweza kusema haja yake, kabla ya kufunga mlango mtajeni kwa jina mtu mmoja wa kumwangalia. Jambo lililoachiwa wote halina mwenyewe. Tulipokuwa tukirudi, kazi hiyo nilimpa mtoto. Na kila tuliposimama, Simba ndiye aliyeshuka wa kwanza.