Safari ya Pwani Msimu wa Maembe: Jinsi ya Kuchagua Siku

Mwalimu wa sayansi anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake pwani kwa siku mbili tatu kwa kawaida hutazama mambo mawili: fedha za nauli na tarehe za likizo. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Kundi linaweza kutoka Dar es Salaam, likavuka bahari hadi Unguja, likafika Jambiani katika pwani ya mashariki ya kisiwa hicho na madaftari na ndoo zake, likakuta maji yamepwa kidogo tu, na mwamba uliokusudiwa kutazamwa umefunikwa mchana kutwa. Linaweza pia kufika siku njema na kuingia majini saa mbaya, na hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa linaweza kugharimu maisha.

Mwezi wa kusafiri, kwa anayetaka kuona matunda, huamuliwa na mwembe wenyewe. Katika kipupwe, yaani kati ya Juni na Agosti, hewa ya pwani hupoa na mvua hupungua. Ukuaji wa majani hutulia, na vichipukizi vilivyokwisha komaa hutoa maua badala ya majani. Tangu ua kufunguka hadi embe kukomaa hupita miezi mitatu hadi mitano, kwa kadiri ya aina ya mwembe na joto la mahali. Ndiyo maana dodo, boribo, sindano na jamaa zao hujaa sokoni kuanzia Novemba na kuendelea hadi Februari au Machi. Mvua za vuli zikirefuka, maembe hushambuliwa na kuvu wanaoleta madoa meusi kwenye ganda. Tunda huonekana zima linapochumwa, kisha doa hupanuka linapoiva. Basi mwishoni mwa Desemba na Januari, vuli inapokuwa imekatika, ndio wakati unaofaa zaidi.

Matunda haya ni wageni waliokaa sana. Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi za jirani yake, lakini msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba wenyeji walikuwa wakila wali pamoja na maembe mabichi yaliyotiwa siki. Achari ya embe, kwa hiyo, ina umri wa karibu karne saba katika pwani hii.

Upepo nao unaafikiana na mwembe. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo ambao kwa kawaida ni mwepesi kuliko kusi wa katikati ya mwaka. Wavukao kwa boti kati ya bara na Unguja wanaijua tofauti hiyo. Meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika bahari iliyochafuka, wakati kusi linavuma. Hata hivyo kaskazi nalo huwa na siku zake kali, na taarifa ya hali ya hewa haina budi kusikilizwa kabla ya kukata tiketi.

Mwezi wa kalenda ukishapatikana, hubaki kuchagua siku, na hapo ndipo wengi hukosea. Maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa sababu dunia inapomaliza mzunguko wake mmoja, mwezi umekwisha sogea mbele katika njia yake, na mahali palepale huhitaji dakika hizo 50 zaidi kuufikia. Jua nalo huvuta maji, ingawa nguvu yake katika jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, na mivuto yao hujumlishwa. Siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana, na bahari huwa katika maji mafu. Katika pwani ya Unguja tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita nne. Wakati wa maji mafu huweza kushuka hadi mita moja hivi.

Kwa hiyo anayefuata tarehe za mwezi mwandamo atatafuta siku za mwanzo wa mwezi, au zile zinazofuata tarehe 14. Atakayekwenda tarehe 8 au 22 atakula maembe vizuri, lakini mwamba hatauona.

Pwani hii ina bahati moja ambayo walimu wangepaswa kuifahamu zaidi. Saa ya bamvua haibadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi. Maji hujaa kabisa karibu na saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku. Bamvua, basi, huufunua mwamba asubuhi, jua likiwa limepanda na wanafunzi hawajachoka. Kutoka hapo mwanafunzi anaweza kukadiria mwenyewe saa ya siku zinazofuata. Zile dakika 50 ni wastani tu: karibu na bamvua maji huchelewa kwa dakika kama 40 kila siku, na karibu na maji mafu kwa zaidi ya saa nzima. Makadirio hayo yalinganishwe na jedwali la maji, ambalo huchapishwa kwa bandari kubwa kama vile Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Yalinganishwe pia na maneno ya akina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani, kilimo kilichoanza hapo kibiashara mwaka 1989. Kazi yao ya kufunga na kuvuna mwani katika kamba hufuata bamvua, na mgeni atakayewauliza kwa adabu saa ya kurudi pwani atajibiwa bila kufungua kitabu.

Saa hiyo ya kurudi ndiyo yenye hatari. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kina chote cha kupanda katika mafungu 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Tuseme tofauti ya siku hiyo ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, na ya nne 90 nyingine, yaani sentimita moja na nusu kila dakika. Uwanda ulio kati ya mwamba na pwani uko juu kidogo kuliko kiwango cha chini kabisa cha maji, hivyo mwanzoni mtu haoni badiliko lolote, akadhani muda ungalipo. Wakati huohuo maji yanaingia kwa milango ya mwamba na kujaza mikondo, ambayo mingine iko nyuma yake, baina yake na nchi kavu. Akigeuka hukuta mahali alipopita kwa miguu pamekuwa mto.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi: kundi liondoke pwani saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, likiyafuata yanavyorudi, na ligeuke saa ileile ambayo jedwali linaonyesha maji yamefika chini. Ikiwa ni saa 4:30, basi ni saa 4:30, hata kama pweza ameonekana dakika hiyo. Kila mmoja avae viatu vya raba kwa sababu ya miiba, na matumbawe yasikanyagwe.

Alasiri, maji yakiwa yamejaa, ni wakati wa maembe, na ndoo iliyobebwa itapata kazi. Embe changa likitiwa majini huelea mara nyingi. Lililokomaa, hata likiwa bado kijani na gumu, huelekea kuzama, kwani wanga na sukari vilivyolundikana ndani vimeliongezea uzito kwa ujazo wake. Yanayozama ndiyo ya kununua kwa ajili ya nyumbani, kwa kuwa yataiva hata baada ya kuchumwa. Nanasi na shokishoki haziko hivyo: zikichumwa mapema hubaki na utamu uleule zilioutoka nao shambani.

Sababu ya tofauti hiyo ni gesi ya ethilini. Mwaka 1934 mwanasayansi Richard Gane alithibitisha kwamba matunda yanayoiva huitoa gesi hii yenyewe, nayo huyahimiza mengine kuiva. Bibi anayevumbika maembe ndani ya kapu lililofunikwa majani makavu hana lengo la kuyapa joto tu. Anaizuia gesi isitoroke. Ndizi mbivu moja katika mfuko wa karatasi hufanya kazi hiyohiyo. Wauzaji wengine hutumia unga wa kabaidi, ambao ukipata unyevu hutoa gesi nyingine, asetilini. Ganda hugeuka manjano upesi wakati nyama ingali chachu, na kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki. Vumbika ni njia bora.

Kabla ya mfuko wa maembe kuingizwa ndani ya boti, uchunguzwe. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa katika pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 alipewa jina kama spishi mpya, Bactrocera invadens. Mwaka 2015 wataalamu walikubali kwamba ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia. Jike hulitoboa ganda na kutaga mayai chini yake. Baada ya siku chache funza huwa wanakula nyama ya tunda, kisha huanguka ardhini na kugeuka buu ndani ya udongo. Embe lenye kitobo kidogo kinachotoa utomvu, na sehemu laini iliyokizunguka, lisisafirishwe, wala lisitupwe chini ya mti. Lifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuachwa juani siku kadhaa, au lifukiwe nusu mita au zaidi. Mkulima mwenye siafu wa mtini waitwao maji moto asiwachome moto kwa kuwa wanauma wachumaji: wadudu hao huwafukuza nzi wa matunda, na katika miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alikwisha onyesha hapo Unguja jinsi wanavyoilinda minazi dhidi ya mdudu anayeangusha nazi changa.

Kokwa nazo zinaweza kurudi shuleni, ila zipasuliwe kwanza kwa uangalifu. Fukusi wa embe huishi ndani ya mbegu yenyewe, na mara nyingi tunda aliloingia halionyeshi alama yoyote nje. Mbegu nyeupe isiyo na shimo wala unga mweusi hupandwa mara moja, kabla haijakauka.